Mwaridi mkongwe wa nyumbani: kupogolea, kuchukua vipandikizi, kulaza tawi au kubebesha?

Kwenye nyumba nyingi za zamani za Lushoto, Arusha, Njombe, Limuru na Nairobi kuna mwaridi mmoja uliozeeka. Mashina yake ni ya kijivu na manene, gome limepasuka, chini pako wazi kabisa. Majani yamebaki juu, na maua machache yanayotoka yanachanulia kwenye ncha, mahali ambapo pua haifiki. Aliyeupanda pengine ameshafariki, na hakuna katika ukoo anayejua jina la aina yake. Kwa kawaida wenye nyumba hufanya moja kati ya mawili: wanaung'oa na kununua mche mpya kwa wauza maua wa kando ya barabara, au wanauacha ufe polepole.

Makala haya ni ya wale wasioridhika na yote mawili. Nimelinganisha njia za kuufufua mwaridi mzee pale pale uliposimama, na njia za kupata miche mipya kutoka kwake, ili uchague kulingana na mmea ulio nao, hali ya hewa ya kwako na muda ulio nao. Msimamo wangu nautanguliza: chukua miche mipya kwanza, mkasi mzito baadaye. Mwaridi mkongwe ukikatwa vikali unaweza kuchipua kwa nguvu, na unaweza pia kufa. Ukiwa na watoto wake wawili watatu kwenye kitalu, unakata bila woga.

Kuufufua au kuung'oa

Anza kwa kukwaruza gome kwa ukucha, kwenye mashina matatu manne tofauti. Ukiona rangi ya kijani chini ya gome, shina liko hai. Kahawia kavu hadi chini maana yake shina hilo limekwisha, lakini si lazima mmea wote uwe umekwisha. Angalia pia kama kuna chipukizi jipya linalotoka karibu na ardhi. Hilo moja tu linatosha kunishawishi nisiung'oe.

Kuna hali chache ambazo mimi ningeung'oa. Ya kwanza ni uvimbe mgumu wenye mabonde kwenye shina la chini au kwenye mizizi, unaosababishwa na bakteria wa udongoni. Hauna dawa, na vipandikizi visichukuliwe kwenye mmea huo. Ya pili ni pale mwaridi wenyewe ulipokwisha kufa siku nyingi, na kinachochanua ni mmea mwingine kabisa, jambo nitakaloeleza hapo chini. Nyingine ni kivuli: ikiwa mwembe au mparachichi umekua juu yake, hakuna namna ya kukata itakayorudisha maua pale pale. Mwaridi unataka jua kwa muda wa saa sita kila siku, hasa la asubuhi linalokausha umande kwenye majani mapema.

Wanaosema "nunua mpya tu" wana hoja: mche mpya unachanua ndani ya miezi michache na hauhitaji subira. Lakini tazama unachonunua. Aina nyingi zinazozunguka sokoni kwetu zina asili ya biashara ya maua ya kukatwa, ile ya Naivasha na ya Arusha. Zilizalishwa ziwe na shina refu lililonyooka, zivumilie safari ya ndege na zikae siku nyingi kwenye chombo. Harufu haikuwa kipaumbele, wala uwezo wa kuishi nje bila dawa, kwa sababu huko zinaishi ndani ya vitalu nyumba. Ukizipanda uani, mvua ya masika inazijaza madoa meusi na majani yanapukutika. Mwaridi uliokaa uani kwako miaka arobaini bila kupuliziwa kitu umekwisha kufaulu mtihani ambao wa kununua haujaufanya.

Ukongwe wenyewe si lazima uwe wa karne. Wapenzi wa mawaridi duniani huchukua mwaka 1867, ulipotoka 'La France' huko Ufaransa, kuwa mpaka kati ya mawaridi ya kale na ya kisasa. Yanayopatikana uani kwetu huweza kuwa ya baada ya hapo sana: 'Peace' ya mwaka 1945, 'Queen Elizabeth' ya 1954, 'Iceberg' ya 1958. Kwa familia iliyoishi nayo, hayo nayo ni ya zamani vya kutosha.

Umesimama kwenye mizizi ya nani?

Hili ndilo swali linaloamua mengine yote, na watu wengi huliruka. Mwaridi wako ama umesimama kwenye mizizi yake wenyewe, ama umebebeshwa kwenye mizizi ya mwaridi mwingine wenye nguvu. Kwenye mashamba ya Kenya na Afrika Kusini mizizi ya kubebeshea inayotumika sana ni ya aina iitwayo 'Natal Briar'.

Fukua udongo taratibu kuzunguka shina. Ukikuta fundo nene, mahali ambapo mashina yote yanaanzia juu yake na chini kuna shina moja lenye gome tofauti, huo umebebeshwa. Ukikuta mashina yanachomoza moja kwa moja kutoka ardhini, kila moja na mizizi yake, umesimama wenyewe.

Tofauti yake ni kubwa. Mwaridi wenye mizizi yake ukikatwa hadi chini, ukaungua au ukaliwa na mbuzi, kitakachochipua ni ule ule. Mfano unaojulikana sana uko Ujerumani, kwenye ukuta wa kanisa kuu la Hildesheim. Tarehe 22 Machi 1945 mji huo ulipigwa mabomu, kanisa likabomoka na mwaridi ukaungua na kufunikwa na kifusi. Majira yale yale ya kuchipua ulitoa machipukizi kutoka mizizini, na hadi leo unachanua. Marekani, katika mji wa Tombstone, Arizona, kuna mwaridi mweupe wa aina ya Lady Banks uliopandwa mwaka 1885 kutokana na chipukizi lililotumwa kutoka Scotland. Sasa matawi yake yamefunika zaidi ya mita za mraba 700 kwenye vichanja.

Mwaridi uliobebeshwa ukikatwa chini ya fundo, umeupoteza. Kitakachoota ni mmea wa mizizi, wenye maua yake madogo usiyoyataka. Ndiyo maana utasikia mtu akisema "mwaridi wangu ulikuwa mwekundu, siku hizi unatoa vishada vyeupe." Haukubadilika rangi. Ule mwekundu ulikufa, na mizizi iliyokuwa imeubeba ikachukua nafasi. Wengine hushauri uhesabu vijani, kwamba jani lenye vijani saba ni la mizizi na lenye vitano ni la mwaridi wako. Usitegemee kipimo hicho, maana mawaridi mengi ya zamani yana vijani saba pia. Lifuate chipukizi hadi linapotokea. Likiwa limetoka chini ya fundo, ling'oe kwa kulivuta, usilikate kwa mkasi, kwa sababu kisiki kinachobaki kina macho, yaani sehemu za kuchipulia, na kitatoa mengine.

Kukata wote kwa pamoja, au theluthi kwa theluthi

Njia ya kukata wote ni hii: mashina yote yanashushwa hadi sentimita 30 hivi, juu ya fundo kama lipo, na yaliyokufa yanaondolewa kabisa kwa msumeno mdogo. Inafaa kwa mwaridi wenye nguvu bado, ulio na mashina ya kijani chini, ambao tatizo lake ni kuachwa tu bila kupogolewa. 'Queen Elizabeth' na jamaa zake wa maua makubwa huitikia vizuri. Ndani ya miezi miwili mitatu unaona mashina mapya mekundu yakipanda.

Njia ya theluthi inachukua miaka mitatu. Kila mwaka unaondoa theluthi moja ya mashina, ukianza na yaliyozeeka zaidi, kutoka chini kabisa, na kuyaacha mengine yaendelee kuulisha mmea. Kila shina linaloondoka linaupa mmea sababu ya kutoa jipya. Ni njia ya polepole lakini mwaka wote uani pana maua, na mmea dhaifu hauachwi bila majani.

Kwa mwaridi mkongwe usiojulikana, mimi huchagua theluthi bila kusita. Sababu ni kwamba mawaridi ya zamani yenye asili ya China, na yale yanayoitwa mawaridi ya chai, hayapendi kukatwa vikali. Yanahifadhi chakula kwenye mashina yake, na ukiyashusha hadi chini yanakaa kimya muda mrefu, mengine hayarudi. Utayatambua kwa matawi membamba yanayogawanyika mara nyingi, majani laini, na maua yanayochanua kidogo kidogo mwaka mzima, mara nyingi yakiinamisha vichwa. Hayo yaondolee kuni kavu, ufungue katikati hewa ipite, basi.

Mwaridi unaotambaa na kuchanua mara moja tu kwa mwaka una sheria yake. Maua yake hutoka kwenye matawi ya mwaka uliopita, kwa hiyo ukiupogolea kabla ya msimu wake umejikatia maua yote. Subiri umalize kuchanua, ndipo ukate.

Kuhusu wakati: sisi hatuna baridi ya kuulaza mmea usingizi, kwa hiyo tunafuata mvua. Arusha, Lushoto na Nairobi napendelea mwishoni mwa Februari, masika yakikaribia, au Septemba kabla ya vuli. Nyanda za juu kusini, Njombe na Mbeya, ambako mvua ni ya msimu mmoja kuanzia Novemba hivi, Oktoba ni mwezi mzuri ikiwa una maji ya kumwagilia. Usipogolee vikali katikati ya mvua kubwa, kwani kila kidonda ni mlango wa ukungu.

Baada ya kukata, watu hukimbilia mbolea ya dukani. Ngoja. Mmea usio na majani hauwezi kutumia chakula kingi, na mbolea kali inaweza kuunguza mizizi. Weka samadi iliyooza vizuri, nusu debe hadi debe moja kwa mmea mkubwa, kisha matandazo ya sentimita tano hadi nane bila kugusa shina. Mwagilia ndoo moja ya lita 20 kwa mkupuo mmoja kila wiki, badala ya kikombe kila siku. Mbolea ya NPK isubiri hadi machipukizi yafike urefu wa kiganja.

Njia za kupata mche mpya, kwa mkato

| Njia | Muda wa kusubiri | Mahitaji | Wakati wa kuichagua |
|---|---|---|---|
| Kipandikizi | wiki 4–8 hadi mizizi | mchanga, chupa ya plastiki, kivuli | mmea una matawi mengi yenye afya |
| Kulaza tawi ardhini | miezi 4–12 | tawi refu linalopinda | mwaridi wa kutambaa. Mmea dhaifu |
| Kufunga tawi hewani | wiki 6–10 | makumbi ya nazi, nailoni | tawi gumu lisilopinda |
| Kubebesha jicho | wiki 3 jicho kushika | mche wa mizizi, kisu kikali, ujuzi | tawi moja tu limebaki. Udongo wenye minyoo fundo (minyoo midogo inayovimbisha mizizi) |
| Chipukizi la mzizi | lina mizizi tayari | koleo | mmea wenye mizizi yake unaotambaa chini ya ardhi |

Mbegu sikuziweka. Mbegu ya waridi haizai mmea unaofanana na mama yake, na hapa lengo letu ni kuuhifadhi ule ule.

Vipandikizi

Hii ndiyo njia ya watu wengi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi kwa haraka. Kosa la kawaida ni kuchagua tawi lisilofaa. Ncha laini ya kijani kibichi inaoza, na kuni nene ya kijivu inakauka. Tawi linalofaa ni lile ambalo ua lake limetoka kupukutisha petali. Lijaribu kwa mwiba: ukiusukuma kwa kidole gumba pembeni na ukakatika vizuri bila kuchuna gome, tawi limekomaa kiasi kinachotakiwa.

Mwaridi mkongwe sana mara nyingi hauna tawi la namna hiyo. Hapo ndipo kupogolea na kuzalisha vinapokutana. Ondoa shina moja au mawili tu yaliyozeeka, mwagilia na ulishe, kisha subiri machipukizi mapya yachanue. Vipandikizi utakavyochukua kwenye matawi hayo mapya vina nafasi kubwa kuliko vya matawi ya zamani, ingawa mmea ni ule ule. Kwa mkongwe dhaifu, mpangilio wangu ni huo: kugusa kidogo, kuchukua vipandikizi, ndipo kuendelea na theluthi zilizobaki.

Kata asubuhi mapema, siku moja baada ya kuumwagilia mmea. Urefu uwe sentimita 15 hadi 20, unene wa penseli, macho matatu au manne. Kata ya chini iwe chini tu ya jicho, kwa kuwa hapo ndipo mizizi hupenda kutokea. Acha majani mawili ya juu, mengine yaondoe, pamoja na ua na tumba zote. Chuna gome kidogo upande mmoja wa chini, chovya kwenye poda ya homoni ya mizizi inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo, kung'uta iliyozidi, kisha zamisha macho mawili kwenye mchanga wa mto uliooshwa ukichanganywa na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Wasio na makumbi watumie pumba za mpunga zilizochomwa. Usitumie udongo wa bustani na usitie samadi, kwa sababu kipandikizi hakina mizizi ya kula na ukungu ndio utakaoshiba.

Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Weka mahali pa mwanga usio wa jua kali. Majani yakichipua baada ya wiki mbili usishangilie bado, kwani yanatumia chakula kilichohifadhiwa kwenye tawi na mizizi huenda haipo. Usikivute kukipima. Tazama chini ya kiriba (mfuko wa miche) au kopo ulilopandia, mizizi myeupe ikionekana kwenye matundu ndipo uanze kuondoa chupa kidogo kidogo. Tumba za kwanza zikatwe zote, hata kama roho inauma.

Mawaridi yenye asili ya China, kwa mfano 'Old Blush', huota mizizi kwa urahisi sana. 'Cécile Brunner' ya mwaka 1881 vilevile, 'Iceberg' na mengi ya kutambaa. Yenye maua makubwa ya njano na rangi ya chungwa ni magumu, na hata yakiota mengine hubaki manyonge kwenye mizizi yake. Ukikuta una la njano na vipandikizi vyako havishiki, nenda kwenye kubebesha.

Asali, shubiri, dafu na kiazi

Kila mtu ana dawa yake ya kuotesha mizizi, na nyingi hazidhuru. Asali inazuia vijidudu kwenye kidonda, lakini haina homoni ya mizizi. Utomvu wa shubiri unapendwa sana, na kwa aina zinazoota kwa urahisi unatosha, ingawa hauwezi kushindana na poda. Maji ya dafu ni habari nyingine. Yana vichocheo vya ukuaji kweli, na maabara huyatumia, ila vinavyojulikana zaidi ndani yake ni vile vinavyosukuma machipukizi na majani kuliko mizizi. Kwa kipandikizi cha mwaridi si chaguo langu. Kuchomeka tawi kwenye kiazi mviringo, mtindo unaosambazwa sana mtandaoni, ninaupinga wazi. Kiazi kinaoza, kinaita wadudu, na hakiongezi mzizi hata mmoja. Unyevu unaodaiwa kutoka kwenye kiazi unapatikana kwa chupa na mchanga.

Kama fedha ni ya kununua kitu kimoja tu, nunua mkasi mzuri na uufute kwa spiriti kabla ya kila mmea. Tawi lililokatwa kwa kisu butu linapondeka, na hakuna poda itakayoliokoa.

Kulaza tawi, na kulifunga hewani

Ukiniuliza ni njia ipi haimwangushi mtu, nitasema kulaza tawi. Tawi linabaki limeungana na mmea, linaendelea kunywa maji ya mizizi ya zamani huku likitengeneza yake. Halina haraka ya kufa. Chagua tawi refu la mwaka huu, liinamishe hadi ardhini, toa mkato mdogo wa mshazari upande wa chini kwenye jicho, weka kijiti kidogo kuuzuia mkato usijifunge, fukia sentimita 10 hadi 15, bana kwa waya uliopindwa na uweke jiwe juu. Ncha ibaki nje, imefungwa kwenye mti ili isimame. Jiwe linasaidia udongo usikauke.

Ubaya wake ni muda na idadi. Unapata mche mmoja au miwili, na milimani kwenye baridi unaweza kungoja karibu mwaka. Lakini kwa mwaridi wa kutambaa kwenye baraza, au kwa mmea dhaifu ambao huthubutu kuukata hata tawi moja, sioni inayoizidi.

Tawi lisipopinda, udongo ulifuate juu. Chuna gome kwa pete ya sentimita mbili hivi, paka poda, zungushia makumbi ya nazi yaliyoloweshwa na kukamuliwa, funga kwa nailoni na juu yake kitu cheusi kuzuia mwanga. Wenye kuzalisha milimau na mikomamanga wanaijua njia hii vizuri. Kwenye joto la Moshi au Morogoro inakwenda haraka kuliko Limuru.

Kubebesha jicho

Hii inahitaji mkono uliozoea, na mara nyingi nawashauri wanaoanza wamtafute fundi wa kitalu anayebebesha miembe au michungwa, kwa kuwa kazi ni ile ile. Unapasua gome la mche wa mizizi kwa umbo la herufi T, unachomeka jicho lenye ngao ya gome la sentimita mbili na nusu, unafunga kwa utepe. Gome lazima liwe linabanduka kwa urahisi, yaani wakati wa mvua au baada ya kumwagilia sana. Baada ya wiki tatu jicho likiwa bado bichi, limeshika.

Ina faida moja ambayo njia nyingine hazina. Mwaridi uliobakiwa na tawi moja hai lenye macho sita unakupa kipandikizi kimoja au viwili, na huenda vyote vikafa. Kwa kubebesha, macho sita ni miche sita inayowezekana. Kwa mmea unaokata roho, hesabu hiyo ndiyo inayoamua. Faida ya pili ni kwenye udongo wenye minyoo fundo, ambako mizizi imara ya mmea mwingine inastahimili kuliko ya mwaridi wako.

Gharama yake ni kwamba utapambana na machipukizi ya mizizi maisha yote ya mmea, na virusi huhama kwa njia hii. Ugonjwa wa michoro ya njano ya mshazari kwenye majani ya waridi hauenezwi na vidukari wala mkasi, unaenezwa kwa kuunganisha mmea mgonjwa na mzima. Kagua majani ya pande zote mbili kabla ya kisu.

Pwani si milimani

Mwaridi unaohusishwa zaidi na marashi ni ule wa Damascus, na Waswahili wenye ndugu Oman wanaufahamu kutoka Jabal Akhdar, kwenye vijiji vya Sayq na Al Ayn, karibu mita 2,000 juu ya bahari. Huko huchanua kwa msimu mmoja, kati ya mwishoni mwa Machi na Mei, na kuvukizwa kupata marashi. Wengi hutamani kuuleta Unguja, Mombasa au Dar es Salaam. Unapenda baridi ya kipupwe kabla ya kuchanua, na pwani baridi hiyo haipo. Milimani, Lushoto au Njombe, ningeujaribu, na kwa kuzalisha ningetumia machipukizi yake ya mizizi kuliko vipandikizi, maana huyatoa kwa wingi ukiwa kwenye mizizi yake.

Kwa pwani, kama mkongwe ulio uani ni wa asili ya China au wa chai, utunze kwa nguvu zote, kwa sababu hao ndio wanaostahimili joto bila kulala. Vipandikizi vyake vifanye wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, chini ya kivuli kizito. Chupa iliyoachwa kwenye jua la Dar hupika kilichomo ndani kabla ya saa sita mchana. Anayetaka petali za kikuba na za mrashi wa harusi atazipata kwenye mawaridi hayo.

Nyumba ya kupanga, au nyumba inayobomolewa

Kama unahama baada ya miezi miwili, kulaza tawi hakukufai. Chukua vipandikizi vingi kuliko unavyohitaji, na ugawie majirani baadhi, ili mwaridi usitegemee kitalu kimoja.

Kama nyumba inabomolewa na mwenyewe anaruhusu, unaweza kuuhamisha mzima. Ufanye mvua zikiwa zimeanza, ukate mashina hadi sentimita 40, uchimbe duara la nusu mita kuzunguka na utoe na udongo wake kwenye gunia. Mmea wenye umri wa chini ya miaka kumi hivi hustahimili. Ule mkongwe wenye mzizi mmoja mnene ulioshuka chini mara nyingi haustahimili, na kama ni kuchagua kati ya nusu siku ya kuchimba na nusu siku ya kuchukua vipandikizi kwa utulivu, mimi ningechukua vipandikizi.

Wanaotaka kuuza miche wajue kwamba aina mpya zinalindwa na haki za wagunduzi wa mbegu. Kenya iliingia kwenye UPOV, mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2015. Aina za miaka ya 1940 na 1950 zimekwisha toka kwenye ulinzi huo, na zile za karne ya 19 hazikuwahi kuwamo. Uza hizo kwa amani.

Mche mpya usiupande kwenye shimo ulimotolewa mwaridi wa zamani. Udongo uliobeba mwaridi miaka mingi hudumaza mwaridi mchanga, hata ukiutia samadi. Sogea mita moja na nusu, au utoe udongo wa shimo hilo hadi kina cha sentimita 45 na kuleta mwingine kutoka mahali palipolimwa maharage au mboga.